Uzi Mwekundu wa Pich

Hapo zamani, wanangu, kabla nyanya wa nyanya yangu hajaota jino la kwanza, ng'ambo kabisa ya Bara Hindi ilikuwako nchi ya Wakhmeri, watu wanaokula wali asubuhi, wali mchana na wali jioni, wakatafuna tambuu kama sisi mpaka midomo ikawaka. Msiniulize nani aliniletea habari zao. Hakuna bahari ambayo umbea hauivuki.

Basi, wafalme wa kale wa nchi hiyo walijenga hekalu la mawe matupu, lenye minara na kumbi, na ukutani wakachonga wanawake wanaocheza ngoma, kiuno huku, vidole kule. Wafalme wakafa. Watunzaji nao wakafa. Akaja ndege mmoja asiye na adabu, akatua juu ya paa, akakunya mbegu. Mbegu ikaota. Mti ukakua huko juu, ukakosa udongo, ukateremsha mizizi juu ya mawe kuitafuta ardhi, mizizi minene kama chatu aliyemeza mbuzi. Ikapita nyusoni mwa wale wachezaji, ikamziba huyu mdomo, yule jicho. Mti ukaupasua ukuta, kisha mti uleule ukaukumbatia ukuta usianguke. Watu wa kijiji cha jirani hawakujua waulaani au waushukuru. Wakauacha, na msitu ukala hekalu lote.

Katika kijiji hicho aliishi mwanamke jina lake Nimol, mjane, mwenye mtoto mmoja tu wa kike, Pich, kibogoyo wa meno ya mbele, mboni ya jicho lake. Na jirani yake aliishi Moni, mjane wa marehemu kaka yake. Nimol na Moni walikuwa mawifi, na mnajua wenyewe mawifi.

Watu wa huko huvundika samaki kwa chumvi ndani ya mitungi, wakala kitoweo hicho mwaka mzima. Siku moja ya kupanda mpunga, mbele ya wanawake wote walioinama matopeni, Nimol alisema mtungi wa Moni una funza. Funza! Huko, heri umtukane mtu babu zake wote. Tangu siku hiyo mawifi hawakusemezana. Wakikutana kisimani, mmoja anatazama ndoo, mwingine anatazama mawingu.

Lakini Moni hakujaliwa mtoto, na Pich alimpenda mke huyo wa marehemu mjomba wake, akimwita shangazi. Alikuwa akipenya uani kwake kwa siri kwenda kupewa ukoko wa wali. Nimol alijua. Alijifanya hajui, na rohoni alikuwa akichomwa kama mwiba wa samaki umekaa kooni.

Siku moja, msimu wa mvua, Nimol aliita, "Pich! Wali tayari!" Kimya. Akaita tena. Kimya. Akatoka, akapita nyumba hadi nyumba: "Mmemwona Pich?" "Hatujamwona." Nyumba ya Moni akaipita. Akarudi, akafika kwenye ngazi, mguu ukainuka kupanda, ukashuka, akaipita tena. Ndivyo kiburi kilivyo, wanangu. Humfanya mtu amtafute mwanawe kila mahali isipokuwa pale alipotoka.

Mwanamke aliyekuwa akiosha mboga akamwambia, "Mama Pich, nimemwona akielekea kwenye magofu. Alikuwa analia."

"Analia nini?"

"Sikumuuliza. Mikono ilikuwa na mboga."

Nimol akakimbia. Mvua ikaanza. Alipofika kwenye miti mikubwa akasikia kishindo kizito, si radi, maana radi hutoka juu na hiki kilitoka chini.

"Pich!"

"Mama." Sauti nyembamba, ya ndani kabisa ya mawe. "Mama, nimekaliwa na giza."

Jiwe la juu ya mlango wa ukumbi mmoja lilikuwa limeteleza, likauziba mlango wote, ukabaki ufa wa kupitisha vidole tu. Vidole vya Pich vilikuwapo hapo kwenye ufa. Nimol akavishika. Mbele ya jiwe lile uliteremka mzizi mnene kuliko mwili wa mtu, kutoka juu ya paa hadi ardhini. Na ukuta mzima ulikuwa umeinama.

"Mama, mawe yanaongea."

Nimol akatega sikio. Kweli, yalikuwa yakiongea: kwii, kwii, kama meno ya mtu anayeota vibaya.

Kelele zake zikawaleta watu. Wanaume wakaja na mashoka.

"Mzizi huu umeuziba mlango. Tukate mzizi, tuling'oe jiwe."

Bibi Yim, mzee wa kuita roho, mwanamke mdogo kama kifaranga na mwenye maneno makubwa kuliko mwili, akatema tambuu akasema, "Kateni. Mtakuwa mmemzika na sisi tutakuwa tumeokoa gharama ya kuchimba."

"Bibi, tusipokata atafia humo!"

"Mkikata atafia humo upesi. Tazameni paa limelalia nini."

Wakatazama. Paa lilikuwa limelalia mzizi. Lakini mtu mwenye shoka mkononi hasikii vizuri, na mmoja akaliinua. Nimol akaukumbatia mzizi kwa mikono na miguu. "Atakayeukata aanzie mgongoni kwangu."

Shoka likashuka polepole, likawekwa chini.

Akaja Keo, mchunga ndovu, mtu wa majigambo, akiwa na ndovu wake jike aitwaye Bopha, aliyetumika kuvuta magogo. Keo hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na Bopha tu, na sifa zake mwenyewe.

"Sogea, Mama Pich. Nyie wenye vishoka vya kukatia mchicha, sogeeni pia. Bopha ataweka kipaji kwenye ukuta, aushike. Lakini nasema mapema, hataushika mpaka kesho."

Bopha akaweka kipaji cha uso ukutani, akakaza miguu matopeni. Mawe yakaacha kuongea. Watu wakashusha pumzi. Kisha wakatazamana. Ukuta umeshikwa, sawa. Mtoto atatokea wapi?

Hapo mtu akakohoa. Alikuwa Sarun. Huyu Sarun alikuwa mkimya, na nyumba yake ilikuwa nzuri kupita zote, maana nguzo za wenzake zilioza kwa maji, zake zilisimama juu ya mawe yaliyochongwa sawasawa. Ukiinama chini ya nyumba yake ungeona kuwa jiwe moja lina mguu wa mchezaji, wenye njuga. Watu waliinama. Kila mtu alijua na hakuna aliyesema, kwa sababu sheria ya kijiji ilikuwa kali: aliyeiba jiwe la hekalu hufukuzwa kabla mpunga haujaiva, na nyumba yake huvunjwa. Na nani anataka kuvunja nyumba ya jirani anayemkopesha jembe?

"Nyuma kuna tundu," akasema Sarun.

"Tundu gani?"

"La... la ngawa."

Bibi Yim akamkazia jicho. "Ngawa wa ukubwa gani?"

Sarun akatazama matope. "Wa ukubwa wangu, bibi. Nililitoboa mimi. Nilitoa mawe pale." Na akalia, mtu mzima, maana alijua ameshajifukuza.

Wakazunguka nyuma. Tundu lilikuwapo, lakini mzizi ulikuwa umeota ndani yake, umelibana. Sarun akajaribu, hakupita. Nimol akaingiza kichwa, mabega yakapita, nyonga zikakwama. Alikuwa mwanamke wa nyonga. Alibaki humo nusu ndani nusu nje, anamsikia mwanawe akihema karibu, anapapasa giza na mkono haufiki. "Mama, ni wewe?" "Ni mimi." "Mbona huji?" Wakamvuta kwa miguu, akatoka analia, mashavu yamechunika.

Ndipo akainuka mtu nyuma ya umati. Moni, mwembamba kama ufito. Akaweka kapu chini, akakaza nguo kiunoni, akapiga magoti mbele ya tundu. Bila kugeuka akasema maneno yake ya kwanza tangu siku ya funza:

"Wifi, shika miguu yangu. Nikipiga teke, vuta."

Nimol akaishika. Miguu ikaingia, ikaingia, nyayo zikamponyoka mikononi, zikatokomea.

Sasa hapo, wanangu, ndipo pagumu. Kungoja. Mvua inanyesha. Nimol anasikiliza tunduni, hasikii kitu. Anakimbia mbele kumtazama Bopha: miguu ya ndovu inatetemeka. Anakimbia nyuma: kimya. Anarudi mbele: jiwe limeporomoka kutoka juu, limeupiga mguu wa mbele wa Bopha, puu! Ndovu akalia mlio ambao watu wa kule bado huusimulia.

"Namwondoa!" Keo akapiga kelele. "Ukuta unakuja! Namwondoa!"

"Keo, kaka yangu, nakuomba!"

Hakumwondoa. Lakini hapa pana maneno. Waliosimama kushoto wanaapa kwamba Keo aliivuta kamba na ndovu akakataa kutoka. Waliosimama kulia wanaapa kwamba Keo mwenyewe aliiachia kamba, akauegemeza uso wake kwenye bega la Bopha, akamwambia, "Haya, mama, tufe pamoja." Mimi sikuwapo. Nawaletea kama nilivyoipata.

Nyuma, tunduni, kikatokea kichwa cha Pich. Kisha mabega. Mikono ya Moni ilikuwa ikimsukuma. Nimol akamvuta mwanawe, watu wakamvuta Moni, ngozi ya mgongo imebaki kwenye mawe. "Tayari!" wakaita. Bopha akarudi nyuma kwa miguu mitatu. Ukuta ukaenda chini wote, na paa likabaki hewani, limekaa kwenye mizizi kama sinia kwenye vidole vya mwandazi.

Watu wakapiga vigelegele. Nimol akamkumbatia mwanawe. "Pich. Pich wangu. Umeumia wapi?"

Pich alikuwa mzima, hana hata mkwaruzo. Lakini hakujibu. Macho wazi, hayapepesi. Ukimpa maji, anakunywa. Ukimwambia simama, anasimama. Ukimuuliza, "Mimi nani?" anakutazama kama anayemtazama mpita njia.

Vigelegele vikafa.

Bibi Yim akamshika kidevu, akampuliza usoni, akatikisa kichwa. "Mwili umetoka. Roho imeshtuka, imebaki kwenye mawe. Lazima iitwe."

"Iite, bibi! Iite sasa hivi!"

"Kuita nitaita. Lakini mnaijua desturi. Roho haiji kwa sauti peke yake, huja kwa mkono. Itamfuata yule aliyemtoa. Huyo ndiye amfunge uzi mwekundu, uzi mmoja, fundo moja, mkono mmoja. Wakifunga wawili, roho itababaika njiani. Akifunga asiyestahili, haitatoka kabisa. Na mtoto akilala kabla ya uzi, roho itadhani amekufa, itatulia hukohuko."

Tena uzi huo, wanangu, si urembo. Anayeufunga huwa mzazi wa pili. Kila kiangazi mtoto hukaa kwake. Akizeeka, mtoto humlisha. Akifa, mtoto hunyoa nywele zake kumwomboleza. Wala mzazi wa pili hafukuzwi kijijini anamoishi mwanawe.

Bibi Yim akatoa uzi ukosini, akamkabidhi Nimol. "Mimi naita tu. Mfungaji unamtaja wewe. Mama ndiye anayejua."

Nimol akaushika. Uzi mwepesi, na mkono wake ukashuka kama amepewa jiwe.

Akatangulia Sarun. "Dada Nimol, bila tundu langu, mtoto angebaki ndani mpaka ukuta umzike. Tundu lilikuwa siri yangu. Nimeitoa mbele ya watu, na nyumba yangu inavunjwa kwa ajili yake. Bila mimi hakuna mlango. Uzi ni wangu."

Keo akacheka kwa hasira, mkono wake juu ya mguu wa Bopha uliovimba. "Mlango! Wewe ndiye uliyechomoa mawe, ukuta ukalegea! Umemtega mtoto, sasa unataka shukrani kwa kuonyesha mtego! Dada Nimol, nilimweka Bopha wangu chini ya ukuta. Tazama mguu huu. Hatavuta gogo tena, na mimi bila yeye ni nani? Bila mimi, tundu lingekuwa kaburi la wawili. Uzi ni wangu."

"Ndovu ndiye aliyebeba," Sarun akamjibu. "Wewe ulibeba kelele. 'Namwondoa, namwondoa!' Tulikusikia wote."

"Nilisema! Nilifanya?"

"Iulize kamba!"

Watu wakacheka kidogo, wakaona uso wa Nimol, wakaacha.

Moni alikuwa amekaa chini, wanawake wanampaka mgongo majani yaliyopondwa. Akasema bila kuinua kichwa, "Hawa wote walikuwa nje. Mimi nilikuwa ndani. Nilimkuta amejikunja pembeni, hataki kuja, nikamwambia, 'Ni shangazi,' akanishika shingo. Mkono alioushika ni huu. Bila mimi tundu ni tundu na ndovu ni ndovu. Wifi, uzi ni wangu."

Wanawake wakaguna, "Kweli, kweli." Nimol mwenyewe akapiga hatua. Lakini Moni akaendelea.

"Na usije ukalisikia kwa mwingine. Asubuhi alikuja kwangu. Nilikuwa na uchungu wangu. Nikamwambia, 'Ondoka hapa, nenda kwa mama yako mwenye pua ya kunusa mitungi ya watu.' Akaenda akilia. Sikumfuata. Ni mimi niliyemtuma huko."

Nimol akasimama alipo, mguu mmoja mbele, mmoja nyuma.

Alimtazama Sarun akaona: nikimpa uzi, mwizi wa hekalu anakuwa baba wa mwanangu. Lakini nisipompa, ananiokolea mtoto kisha analala mvuani. Alimtazama Keo akaona: nikimpa, kila kiangazi mtoto atamfuata porini nyuma ya magogo. Lakini nisipompa, amebaki na ndovu kilema na majigambo. Alimtazama Moni, na hapo akajiogopa mwenyewe. Alitaka sana kumnyima. Je, ni kwa sababu alimfukuza mtoto, au kwa sababu mtoto alimshika shingo? Na akitaka kumpa, je, ni haki, au ni aibu ya funza? Na roho ya Pich huko maweni inangoja mkono wa kweli, haijali kiburi cha mtu.

"Mbona mnamsahau mama mwenyewe?" akasema mwanamke yule wa mboga. "Ndiye aliyeukumbatia mzizi. Bila yeye wangekata."

"Mama hafungi," akasema Bibi Yim. "Mama anao uzi wa kitovu, umtosheleze."

"Basi ufungwe kwenye mti!" akaropoka bibi mmoja kiziwi aliyefika mwishoni. "Si mti ndio ulioshika paa?"

Wakamcheka. Bibi Yim peke yake hakucheka. Aligeuka akautazama mzizi, akitafuna tambuu yake.

Mvua ilikuwa imekatika. Jua likawa limekaa juu ya kilele cha mti, jekundu, na wanawake wa mawe wenye midomo iliyozibwa walikuwa wamegeuka rangi ya uzi. Bibi Yim akaanza kuita: "Rudi, Pich, rudi nyumbani, wali upo, mkeka upo, rudi." Sarun akanyoosha mkono. Keo akanyoosha mkono. Moni hakunyoosha, aliuweka tu mapajani, kiganja juu.

Nimol akakishika kifundo cha mkono wa mwanawe. Kilikuwa baridi. Mtoto akayumba, akauegemea mti, kope zikaanza kushuka.

Pich akapiga mwayo.

Haya, wanangu, acheni kunitolea macho, mimi uzi sinao. Upesi, mtoto analala. Tundu, ndovu, au mkono? Au mti? Je, nani alistahili kuufunga?